Kukwea Miamba Ughaibuni: Hesabu za Kufanya Malindi Kabla ya Kuondoka

Sehemu kubwa ya usalama wa safari ya kukwea miamba huamuliwa nyumbani, mezani, ukiwa na kalamu, tepu ya kupimia na kamba yenyewe mbele yako. Ukishafika chini ya mwamba wa ugenini, yaliyobaki ni machache. Ninayoandika hapa ni kwa wenzetu wa Malindi, Watamu na Lamu ambao tayari wamekwea kwa kamba Lukenya au Hell's Gate, wanajua kumshikia mwenzao kamba na kumteremsha, na sasa wanataka kuvuka mpaka. Ambaye bado, aanzie huko Lukenya kwanza akiwa na watu wanaojua. Wala asijaribie kwenye korongo la Marafa kwa kuwa liko karibu. Kuta zile ni mchanga ulioshikamana tu, zinamomonyoka kila mvua ikinyesha, na hazishiki chochote. Mawe ya matumbawe ya ufukweni nayo yanamega mkononi na yanakata kamba kama msumeno.

Kuchagua pahali

Wengi huchagua kwa picha. Mimi naangalia mambo matatu: msimu, mwamba wenyewe, na umbali hadi hospitali yenye daktari wa mifupa.

Kwa safari ya kwanza nje ya nchi ningependekeza Waterval Boven, Afrika Kusini. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia huko bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Ndege ya Nairobi hadi Johannesburg huchukua kama saa nne, kisha ni mwendo wa gari wa karibu saa tatu kuelekea mashariki. Mwamba wake ni kwatsaiti, jiwe gumu linaloshika vizuri, na njia nyingi zimeshapigwa bolti, yaani vyuma vya kudumu vya kunasia kamba vilivyopigwa mwambani. Msimu wa ukavu ni Aprili hadi Septemba, lakini hiyo ndiyo miezi ya baridi yao, na mji uko juu sana kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Juni au Julai baridi hukaribia sifuri. Vidole vilivyozoea joto la pwani hufa ganzi, na kidole kilichokufa ganzi hakijui kama kimeshika au kinateleza. Beba koti zito, na asubuhi usiguse mwamba mpaka jua liupige.

Kalymnos, kisiwa cha Ugiriki, ni mawe ya chokaa na maelfu ya njia zilizopigwa bolti. Unaruka hadi Athens, unaunganisha hadi Kos, kisha unapanda boti kutoka Mastichari hadi Pothia, safari isiyofika saa moja. Majira mazuri ni Machi hadi katikati ya Mei, na mwisho wa Septemba hadi Novemba. Julai na Agosti mwamba unachoma.

Railay, mkoani Krabi, Thailand, hukauka kuanzia Novemba hadi Machi, yaani wakati kwetu inapovuma kaskazi. Kwa anayefunga: miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya msimu huo. Kukwea mchana kutwa kwenye joto lile bila maji ni hatari kwako na kwa uliyemshikia kamba, kwa hiyo panga tarehe zako kabla au baada yake. Jambo la pili la Railay ni maji. Bamvua huko huja siku zile zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu kama Lamu, ila saa za kujaa na kupwa si za Lamu. Maji yakipwa sana, mashua hazifiki ufukwe wa mashariki. Yakijaa, njia ya mguu ya kwenda Tonsai, ufukwe wa jirani, hufunikwa. Aliyejeruhiwa saa hizo hatoki upesi. Tafuta jedwali la maji la Krabi, uliandike pamoja na mpango wa kila siku.

Karatasi

Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya kwenda Afrika Kusini au Thailand. Cheti huanza kuhesabika siku ya 10 baada ya kuchanjwa, na sasa hudumu maisha yote. Anayechanjwa siku tatu kabla ya ndege anaweza kurudishwa uwanjani. Beba kadi yenyewe ya manjano, si picha yake kwenye simu.

Viza ya Schengen, ndiyo inayohitajika kwa Ugiriki, unaweza kuiomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15. Kwa mtu wa pwani siku 15 hazitoshi hata kidogo, maana alama za vidole unakwenda kuzitoa mwenyewe Nairobi, na uamuzi ukicheleweshwa unaweza kufika siku 45. Anza miezi mitatu kabla. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya afya isipungue euro 30,000.

Bima ndiyo inayowadanganya wengi. Ile ya euro 30,000 inayokubaliwa na ubalozi inaweza kabisa kuwa haigusi kukwea miamba. Fungua kurasa za ndani, mahali palipoandikwa mambo yasiyolipwa, utakuta kukwea kwa kamba kumetajwa pamoja na kuruka kwa parachuti na mbio za magari. Mwandikie wakala barua pepe yenye maswali manne. Je, bima inalipia kukwea mwamba wa nje kwa kamba bila kiongozi wa kulipwa? Kuna kikomo cha urefu? Inalipia kuokolewa mwambani, ikiwemo kwa helikopta au boti, kabla ya kufika hospitali? Na inalipia kumrudisha mgonjwa aliyelala hadi Kenya? Jibu la simu halitoshi. Taka maandishi, uyachapishe. Wakala akijibu kwamba “michezo yote imo” bila kutaja kukwea, bado hajajibu.

Kamba na hesabu yake

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, maana ajali nyingi za kukwea kwenye njia za bolti hazitokani na kuanguka. Zinatokea wakati wa kuteremshwa, kamba inapoisha mtu akiwa bado hewani.

Kwanza, kamba ya chombo si kamba ya kukwea, hata ikiwa mpya na nene. Kamba ya plastiki ya wavuvi huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 160, na msuguano wa kuteremsha mtu unaweza kulifikia. Nailoni huvumilia hadi karibu 220. Zaidi ya hapo, kamba ya kukwea imesukwa makusudi ivutike. Kipimo cha Ulaya, EN 892, kinataka kamba moja ihimili angalau maanguko matano ya uzito wa kilo 80 maabara, na katika anguko la kwanza nguvu isizidi kilonewtoni (kN) 12, hicho kikiwa kipimo cha nguvu ya mvuto. Kamba isiyovutika inasimamisha mwili ghafla, na kinachovunjika ni mgongo au bolti. Tafuta alama ya EN 892 na namba 1 ndani ya duara kwenye karatasi iliyogundishwa mwisho wa kamba. Isipokuwepo, usiinunue.

Sasa urefu. Njia ya mita 30 inahitaji mita 60 za kamba kupanda na kushuka, hivyo watu husema kamba ya 60 inatosha. Haitoshi. Fundo la anayekwea hula karibu mita moja. Mshika kamba husimama mita mbili tatu kutoka ukutani. Fundo la mwisho wa kamba na mkia wake ni karibu mita nyingine. Tayari mita tano zimekwenda. Halafu nailoni husinyaa kwa matumizi na kwa kulowa, asilimia 5, hata 10. Chukua kamba ya mita 70 iliyotumika misimu miwili na kusinyaa asilimia 5: imebaki mita 66.5. Toa tano, imebaki 61.5. Gawa kwa mbili, unapata njia ya mita 30 na kidogo. Njia ya mita 33, ambayo kwenye karatasi kamba ya 70 inaimudu bila shida, itakuacha ukining'inia mita kadhaa juu ya mawe.

Kwa hiyo ipime kwa tepu, si kwa pima za mikono. Tandika tepu ya mita 10 kwenye baraza ndefu, pitisha kamba yote, na uandike urefu na tarehe kwa kalamu kwenye mkanda wa nguo uliozungushiwa mwisho wa kamba. Kwa Kalymnos usiende na chini ya mita 70 kamili, na njia nyingi ndefu za huko zinataka 80. Kama kamba imewahi kukatwa mwisho kwa sababu ya kuchakaa, alama ya katikati si katikati tena. Ama kata ncha ya pili kwa urefu ule ule, au futa alama hiyo akilini kabisa.

Mnamo Novemba 2019, Mmarekani Brad Gobright, mkweaji wa kiwango cha juu duniani, alikufa El Potrero Chico, Mexico. Yeye na mwenzake walikuwa wakiteremka kwa pamoja, kila mmoja upande wake wa kamba ile ile ya mita 80. Katikati ya kamba haikuwekwa sawasawa, na ncha hazikuwa na mafundo. Upande mmoja uliisha. Fundo la mwisho wa kamba hufungwa kwa sekunde kumi. Lifunge kabla kamba haijatoka mfukoni, na ulifunge hata kwenye njia ya mita 12, ili mkono uzoee.

Chumvi

Watu wa pwani tunajua chumvi inavyokula mabati, misumari na milango. Miamba ya baharini ina ubaya mwingine usioonekana. Miaka ya 1990, bolti za chuma kisichoshika kutu zilizopigwa Thailand zilianza kukatika baada ya miaka michache tu, nyingine kwa uzito mdogo sana. Kwa nje zilionekana safi. Chumvi ya bahari, joto na unyevu vikikutana na chuma kilichokazwa kwa nguvu ndani ya chokaa hufanya nyufa ndogo mno zinazoingia ndani zaidi kila mwaka, bila kutu ya kukuonya. Ndiyo maana huko bolti nyingi zimebadilishwa kuwa za titani zilizogundishwa kwa gundi maalumu, kazi ambayo mradi uitwao Thaitanium Project imeibeba kwa miaka mingi.

Kwa vitendo: siku ya kwanza Railay usikwee. Nenda kwenye duka la wakweaji, nunua kitabu cha njia cha toleo jipya, uulize njia zipi zimebadilishwa bolti na mwaka gani. Bolti ya titani ni kipande cha nondo kilichokunjwa kama pete, rangi yake kijivu kilichofifia, kimezama kwenye gundi. Ukikuta sahani inayong'aa iliyobanwa kwa nati kwenye ukuta wa baharini, shuka uchague njia nyingine. Kamba fupi za zamani zilizopitishwa kwenye matundu ya mwamba, zile zilizopauka kwa jua, usizitegemee hata kwa kupumzika. Pete za juu, zile za mwisho wa njia ambamo hupitishwa kamba ya kuteremkia, ziwe mbili, na uzito ugawanyike kwa zote.

Vifaa vyako navyo vinaliwa. Karabina, yaani pete ya kunasia kamba yenye mlango wa chemchemi, ikiwa ya aluminiamu hutoa unga mweupe na mlango wake huwa mzito. Ukibonyeza mlango ukauachia, unapaswa kurudi wenyewe hadi mwisho. Ukikwama nusu, ioshe kwa maji ya baridi yasiyo na chumvi, isugue kwa mswaki, ikaushe kivulini, uipake nta kavu kidogo kwenye chemchemi. Ikikwama tena, itupe. Karabina yenye mlango wazi hubeba kama theluthi moja tu ya nguvu yake: zile za kawaida ni kN 20 mlango ukifungwa, lakini mlango ukiwa wazi kipimo hakitaki zaidi ya kN 7. Aluminiamu na chuma visihifadhiwe pamoja vikiwa na unyevu wa chumvi, kimoja kitakila kingine. Na nyumbani, kamba usiianike juani darini. Ikunje chumbani penye kivuli na hewa.

Kufungasha

Vifaa vya watu wawili: kamba ya mita 70, kilo 4.4, kwikidro 14, yaani karabina mbili mbili zilizounganishwa kwa utepe, kilo 1.4, mikanda miwili ya kiunoni, gramu 800, helmeti mbili, gramu 600, jozi mbili za viatu, kilo moja, vifaa vya kushikia kamba na karabina sita za kufunga, gramu 700. Ongeza tepe, poda ya mikono na dawa, ni karibu kilo 10. Ndege ndogo za Manda na Malindi nyingi huruhusu kilo 15 na mfuko laini, kwa hiyo gaweni uzito kati yenu wawili kabla ya kufika kaunta.

Viatu na mkanda wa kiunoni viwe mkononi, ndani ya ndege. Mzigo ukipotea, kamba na kwikidro utanunua dukani huko. Mkanda uliokuzoea na viatu vya mguu wako hutavipata kwa siku moja. Kamba ya kuazima usiyojua historia yake usiikwee.

Anayetoka Lamu anavuka kwa boti hadi Mokowe, kisha basi. Maji ya chumvi yatarukia mzigo, kwa hiyo kamba iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Jihadhari zaidi na buti la basi. Humo huwekwa dizeli, samaki, na betri za magari. Asidi ya betri huua nailoni bila kuacha alama: kamba inaonekana nzima, inakunjika vizuri, lakini imekufa. Hata mvuke wake hautakiwi karibu. Kamba ikae na wewe kitini, magotini ikibidi. Kondakta akikuambia “Kaka, mzigo huo weka nyuma,” mlipie nafasi yake.

Kwikidro zilizoazimwa au kuunganishwa upya zitazamwe moja moja kabla hazijafungwa mfukoni. Julai 2013, mtoto wa Kiitalia wa miaka 12, Tito Traversa, alianguka na kufa Orpierre, Ufaransa. Kwikidro alizoazimwa zilikuwa zimeunganishwa vibaya: karabina ilipita kwenye kipande cha mpira peke yake, badala ya kupita kwenye utepe wenyewe. Mpira ule kazi yake ni kuzuia karabina isizunguke tu. Kwa macho kwikidro ilionekana sawa. Shika karabina moja, uvute nyingine kwa nguvu, kisha utelezeshe mpira kando uone utepe umezunguka chuma. Fanya hivyo kwa zote 14. Inachukua dakika tano.

Madaraja ya njia

Kalymnos na Railay hutumia madaraja ya ugumu ya Kifaransa, kuanzia jepesi: 5c, 6a, 6a+, 6b. Afrika Kusini ni namba tupu. Namba 18 hadi 19 inakaribia 6a, na 20 hadi 21 inakaribia 6b. Lakini 6a ya chokaa yenye mashiko yaliyong'arishwa na mikono ya watu si 6a ya jiwe la Lukenya, na mikono iliyozoea jiwe moja hudanganyika kwenye jingine. Siku mbili za kwanza kwea madaraja mawili chini ya unachomudu nyumbani, na usitangulie kwenye njia yoyote ambayo hujaelewa mwisho wake uko wapi na ina urefu gani. Kitabu cha njia kina urefu. Ulinganishe na hesabu ya kamba uliyoandika pale ncha.

Chini ya ukuta

Kabla mguu haujaacha ardhi, wawili mnakaguana, kila mmoja akimtazama mwenziwe kwa macho na kumgusa kwa mkono. Fundo la nane, lile lenye umbo la tarakimu 8, limepita mahali pote pawili pa mkanda wa kiunoni, na mistari yake inaenda sambamba, mkia umebaki angalau sentimita 10. Bizimu ya mkanda imefungwa. Kamba imeingia kwenye kifaa upande sahihi, na karabina imefungwa skrubu. Unene wa kamba unaingia kwenye kifaa hicho. Grigri ya sasa, kifaa cha kushikia kamba kinachojibana chenyewe, inapokea milimita 8.5 hadi 11. Fundo liko mwisho wa kamba. Tunapendelea fundo la nane hata kwa mabaharia wenye mafundo mengine mazuri, kwa sababu mwenzako anaweza kulisoma kwa mara moja, hata usiku.

Mei 1989, kule Buoux, Ufaransa, Lynn Hill, aliyekuwa miongoni mwa wakweaji bora duniani, alipitisha kamba kwenye mkanda wake lakini hakumaliza kufunga fundo. Alikwea hadi juu, akaegemea ateremshwe, akaanguka zaidi ya mita 20. Mti ulipunguza anguko na akapona. Ukisemeshwa wakati unafunga fundo, malizia fundo kwanza, ndipo ujibu.

Kisha lugha. Ukuta wa ugenini una makelele, mawimbi, upepo na sauti za watu wengine wanaoita kwa Kiingereza au Kitai. Kubalianeni maneno manne tu, na kila neno litanguliwe na jina: “Salim, nishike.” “Salim, niachie kamba.” “Salim, niteremshe.” “Salim, toa mkono.” Neno “niko salama” lisitumike kabisa mkiwa ukutani. Aliye juu hulisema akimaanisha amefika kwenye pete, aliye chini husikia ruhusa ya kutoa kamba kwenye kifaa. Aliye juu anaegemea nyuma, hakuna aliyemshika.

Dawa yake ni kuamua mkiwa bado ardhini: mtangulizi atateremshwa na mwenzake, au atateremka mwenyewe? Mkikubaliana ni kuteremshwa, mshika kamba haondoi kamba kwenye kifaa hata asikie nini. Na aliye juu, baada ya kupitisha kamba kwenye pete, hajifungui utepe wake wa usalama, ule aliojinasisha nao kwenye pete, mpaka avute mwili kwenye kamba, aone imemshika, na amwone mwenzake anamtazama. Uzito wake uwe kwenye kamba kabla ya kujifungua.

Tofauti ya uzito wa wawili itazamwe pia. Mshika kamba mwenye kilo 50 akimshika wa kilo 80 atanyanyuliwa juu na kugongwa na ukuta, na mkono ukiachia kamba ndiyo basi. Asimame karibu na ukuta, avae helmeti, na mzito akwee njia fupi zaidi. Anayeshika kamba naye yuko chini ya mawe yanayoporomoka, helmeti si ya aliye juu tu.

Mtu akianguka

Aliyening'inia kwenye mkanda bila fahamu ateremshwe mara moja, asiachwe hapo mkisubiri wataalamu. Damu haizunguki vizuri mwilini mwa mtu aliyening'inia bila kujisogeza. Akifika chini, kama ameanguka kwa urefu au analalamika shingo au mgongo, shika kichwa chake kisigeuke, hakikisha anapumua, usimvue helmeti kwa haraka, na damu inayotoka kwa wingi ibanwe kwa kitambaa na mkono mpaka msaada ufike. Mfukoni uwe na bandeji mbili pana, kitambaa cha kufunga mkono, glavu, tepe, mkasi, dawa ya maumivu, blanketi jembamba la kuzuia baridi, filimbi na tochi ya kichwani. Maji, lita tatu kwa kila mtu kwa siku.

Ugiriki namba ni 112. Afrika Kusini, 112 kwa simu ya mkononi au 10177 kwa ambulensi. Thailand, 1669 kwa ambulensi na 1155 kwa polisi wa watalii. Ukipiga, sema kwanza uko wapi: jina la ukuta na jina la njia kama vilivyo kwenye kitabu, na kama kunafikika kwa boti au kwa gari. Baada ya hapo ndipo useme kilichotokea. Simu ikikatika, angalau wanajua waje wapi. Simu ya pili ni ya kampuni ya bima, kabla ya mgonjwa kulazwa ikiwezekana, maana nyingi hutaka zijulishwe kwanza ndipo zilipe.

Nyumbani mwachie mtu mmoja karatasi: majina yenu kama yalivyo kwenye pasipoti, namba ya bima na simu yake ya saa 24, kundi la damu, dawa mnazotumia, hoteli, jina la ukuta wa kila siku, na saa ya mwisho ambayo mmeahidi kutuma ujumbe. Saa ziandikwe kwa mtindo wa saa 24 na mtaje ni za wapi, kwa sababu Thailand iko mbele yetu saa nne na Afrika Kusini nyuma saa moja, na mama aliyeandikiwa “saa mbili” hatajua ni ya asubuhi au ya usiku, ya Krabi au ya Malindi. Mkubaliane pia afanye nini saa hiyo ikipita: apige kwanza kwenu, kisha hotelini, kisha kwenye bima. Saa tatu zikipita bila jibu, apige ubalozi wa Kenya unaohusika na nchi hiyo, na namba yake iwe imeshaandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo.